Muulize Kocha: "Timu inaongoza ligi, mwanangu yuko benchi"

Swali: Shikamoo kocha. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka tisa, tunakaa Tabata. Mwanangu yuko kwenye kituo kimoja cha soka, nalipa elfu thelathini kwa mwezi, mbali na nauli. Wana ligi ya chini ya miaka 10, inachezwa Jumamosi asubuhi. Timu yao imecheza mechi nane, haijafungwa hata moja. Mwanangu ameingizwa mechi mbili tu, zote dakika za mwisho, mabao yakiwa yameshapatikana. Nilipomuuliza kocha wake akanijibu, "Mama, huyu bado mdogo, akue kwanza, tukimwingiza tutapoteza pointi." Baba yake anasema benchi litamkomaza. Jumamosi iliyopita mtoto kaamka analia tumbo linamuuma, na mimi namjua, halimuumi. Nimtoe au nivumilie? (Mama, Tabata)

Jibu: Marahaba mama. Hilo tumbo nalifahamu. Nimefundisha watoto wa shule ya msingi Temeke miaka ishirini na sita, na tumbo la Jumamosi asubuhi lina dawa moja: mtoto aambiwe leo unaanza.

Baba yake mpe salamu zangu, lakini hapo simuungi mkono. Benchi humkomaza mtu mzima ambaye ameshaujua mpira, analipwa mshahara, na anajua anagombea namba na nani. Mtoto wa miaka tisa benchi humfundisha kukaa. Mechi nane za dakika hamsini ni dakika mia nne. Tuseme mwanao amecheza kumi na tano. Wewe umelipa ada nzima na mwenzako ambaye mwanawe anacheza kila wiki amelipa ileile. Ingekuwa shule, mwalimu akawaambia kumi na wawili wasome na sita wakae nje mpaka wakue, mngekuwa mmeshafika kwa mkuu wa shule.

Nikuombe kitu. Jumamosi ijayo nenda na kiberiti. Mchague mtoto mmoja anayecheza, yeyote, na kila akigusa mpira hamisha njiti moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Mimi nilianza mchezo huu zamani na ulinitia aibu. Watoto wa miaka tisa kumi na mmoja kwa kumi na mmoja kwenye uwanja wa wakubwa, winga wangu mmoja alimaliza kipindi kizima na njiti nne. Nne! Muda uliobaki alikuwa anakimbia kwenye vumbi kama anayekimbizwa na mbwa. Baadaye nikaja kusoma kuwa Wabelgiji nao walihesabu kwa njia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 chama chao cha soka, chini ya mkurugenzi wa ufundi Michel Sablon, kilirekodi mechi nyingi za watoto na kukuta kuna mtoto anayepitisha nusu saa akigusa mpira mara mbili. Wakapunguza viwanja, wakapunguza idadi ya wachezaji, na kwa wale wadogo kabisa wakafuta msimamo wa ligi. Mwaka 2015 Ubelgiji ikawa ya kwanza kwenye orodha ya FIFA, na 2018 ikashika nafasi ya tatu Kombe la Dunia. Mwanetu Mbwana Samatta alipotua klabu ya Genk ya hukohuko Januari 2016 aliingia kwenye nchi iliyokwisha kuamua kwamba mtoto kwanza aujue mpira, kombe litakuja.

Na kwa kuwa nimemtaja Samatta: amezaliwa Desemba, 1992. Kwenye ligi za umri, mtoto wa Desemba anacheza na wa Januari wa mwaka uleule. Miezi kumi na moja kwa mtu wa miaka thelathini si kitu. Kwa mtoto wa miaka tisa ni karibu sehemu ya kumi ya maisha yake yote, na inaonekana kwenye mapaja. Kocha anayetafuta pointi atampanga wa Januari kila wiki, wa Januari atapata dakika, dakika zitamfanya awe bora kweli, na kocha atasema, "Mnaona? Nilijua ana kipaji." Hukuniandikia mwanao kazaliwa mwezi gani. Sitashangaa nikisikia ni Oktoba au Novemba.

Sasa nikwambie kwa nini namsema huyo kocha bila kumchukia. Mwaka 1998 niliandaa timu ya shule kwa ajili ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Nilikuwa na mtoto mmoja mdogo, mguu wa kushoto, alikuwa akikupiga tobo anakuomba samahani. Na nilikuwa na jamaa mwingine, darasa lilelile, mrefu kuliko mimi, akipiga mpira kutoka goli letu unadunda kwenye boksi la wenzetu. Utampanga nani? Nilimpanga mrefu nyuma, nikaweka mbele mwenye mbio, tukacheza butua butua kuanzia ngazi ya kata. Tukachukua wilaya. Nilipewa mipira miwili na mkono na mwalimu mkuu, picha ikatundikwa ofisini kwake. Yule wa kushoto yumo pichani, pembeni, ameshika ndoo ya maji.

Yule mrefu aliacha kurefuka akiwa na miaka kumi na minne. Wenzake wakamfikia, wakampita, na yeye hakuwa na kitu kingine cha kufanya na mpira zaidi ya kuupiga mbali, maana ndicho nilichomfundisha. Wa kushoto aliacha kabla hajamaliza la saba. Siku hizi anauza vioo vya simu Kariakoo. Nilimkuta mwaka jana akipiga danadana na chungwa huku anamsubiri mteja, kisigino, paja, kisogo, chungwa halidondoki. Akaniamkia vizuri, akanipunguzia bei. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilijua ndoo ndiyo namba yangu." Alicheka. Mimi nilipanda daladala nikapitiliza kituo changu.

Watu husikia maneno haya wakadhani nataka watoto wasishindane. Hapana. Nani aliyewahi kuona chandimu isiyo na ushindani? Watoto wakicheza wenyewe na mpira wa sandarusi mtaani wanagombana mpaka goli limeingia au limepita juu ya kandambili. Lakini tazama sheria zao. Wanaojua wawili wanasimama kuchagua mmoja mmoja ili timu zilingane. Timu ikifungwa mbili inatoka, wanaongoja wanaingia. Ikionekana upande mmoja unaonea, mchezo unasimama, wanabadilishana watu, kwa sababu hakuna raha kumfunga mtu kumi. (Mwenye mpira anacheza daima, hilo halina rufaa.) Watoto wanataka kushinda mechi ya sasa hivi. Msimamo wa ligi, pointi, tofauti ya mabao, hayo tumewaletea sisi wenye matumbo tunaosimama mstarini.

Kwa hiyo: mfuate kocha siku ya mazoezi, si siku ya mechi, mkiwa wawili. Usimwulize kwa nini mwanao hachezi. Mwombe nusu ya kila mechi, kuanzia Jumamosi ijayo, kwa mwezi mmoja, na umwambie ukweli kuwa matokeo huyajali. Akikubali, kaa kimya mstarini hata wakifungwa tano. Akikataa, mtoe. Mtafutie timu inayoshika mkia. Huko huwa wana upungufu wa watu, atacheza hadi achoke. Na mtoto mwambie sababu kwa maneno yako, asije akadhani ametolewa kwa kuwa hajui mpira.

Swali: Habari za kazi kocha. Nina miaka 24, nafundisha watoto 22 wa chini ya miaka 12 hapa Mbeya. Nikiwachezesha wote kwa usawa tunafungwa, na wazazi wanahamishia watoto kwa jirani anayeshinda. Nikicheza na wale wakali tu, nashinda, ila najisikia vibaya. Nifanyeje na mimi nahitaji ada zao? (Kocha kijana, Mbeya)

Jibu: Kijana, kwanza usione haya kutaka kushinda. Mimi nikifungwa silali, na mke wangu anajua siku hiyo asiniulize chakula kikoje.

Ishirini na wawili ni timu tatu za watu saba, na mmoja wa kupokezana. Zungumza na huyo jirani yako, kateni uwanja mmoja vipande viwili kwa mawe au malapa, mcheze mechi mbili kwa wakati mmoja, saba kwa saba, halafu mbadilishane. Asubuhi moja kila mtoto atakuwa amecheza mara mbili. Akikataa jirani, mcheze wenyewe kwa wenyewe. Ujerumani tangu msimu wa 2024/25 watoto wao wadogo wanacheza hata watatu kwa watatu, magoli madogo, bila msimamo wa ligi, na makelele yalikuwa mengi huko kwamba watoto watalegea.

Wazazi usiwape hotuba. Wape karatasi mwisho wa mwezi: mtoto wako amecheza dakika kadhaa, mguu wa kushoto alikuwa hawezi kupasia sasa anaweza. Mzazi anashabikia matokeo kwa sababu ndiyo namba pekee anayopewa. Wachache watahama hata hivyo. Wacha wahame, na wakirudi wapokee bila kununa, maana jirani naye ana benchi.

Swali: Kocha wa mwanangu anashauri tutafute cheti kingine cha kuzaliwa, tupunguze miaka miwili, ili apate nafasi timu za vijana. Anasema wote wanafanya. Ni kweli? (Baba, Morogoro)

Jibu: Usifanye. Kughushi cheti ni jinai, tuanzie hapo. Tanzania ilifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilizofanyika Gambia mwaka 2005 na ikaondolewa kwa sababu ya kijeba, yaani mchezaji aliyezidi umri. Waliokwenda ni Zimbabwe. Mwaka 2017 upanga huohuo uliwakata Congo Brazzaville, mchezaji wao mmoja alitakiwa kwenda kupimwa umri na hakwenda, Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya umri huo, wakapata nafasi ya kwenda Gabon. Tangu 2009 FIFA hupiga picha ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la umri huo. Mfupa hausomi cheti.

Zaidi ya hapo, mwanao wa miaka 15 akicheza na wa 13 atawapita kwa mbio na ubavu, hatajifunza kuficha mpira wala kuangalia kabla ya kupokea, na siku akikutana na rika lake hatakuwa na pa kujificha. Na huyo mtoto wa miaka 13 atakayekosa namba kwa sababu yake, mama yake ataniandikia mimi.

Huyo kocha naye, mwombe cheti chake cha mafunzo. Akikuletea, kiangalie tarehe.