Lami iliyokwanguliwa si uchakachuaji, lakini ipimwe kwanza

Ndugu mleta mada, umeuliza kama ni halali mkandarasi kuichukua lami iliyokwanguliwa kwenye barabara ya zamani na kuichanganya katika lami mpya, au kama huo ni uchakachuaji. Nimefanya kazi katika maabara za barabara hapa Tanga kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba ni halali na ina faida kubwa. Japani na Uholanzi wanaitumia kwa wingi. Uchakachuaji huanza pale kiasi kinachotiwa kinapoamuliwa na ukubwa wa lundo badala ya majibu ya maabara.

Kila tani ya lami iliyokwanguliwa huwa na takriban kilo 50 za bitumini, yaani ile gundi nyeusi inayoshikanisha kokoto, na inayobaki ni kokoto zilizokwisha kupasuliwa na kulipiwa. Bitumini hutokana na mafuta ghafi, nasi huinunua nje kwa fedha za kigeni, kwa hiyo huniuma sana ninapoona malori yakiimwaga mali hiyo mabondeni kama kifusi.

Hata hivyo, bitumini iliyokaa juani miaka 15 au 20 si ile iliyomwagwa siku ya kwanza, kwa sababu oksijeni huigeuza polepole ikawa ngumu na yenye kukatika. Maabara tunalipima jambo hili kwa sindano yenye uzito wa gramu 100, inayoachwa izame kwa sekunde 5 ndani ya bitumini yenye nyuzi joto 25. Katika bitumini mpya ya daraja la 60/70 sindano huzama milimita 6 hadi 7. Katika ile tunayoikamua kutoka lami kuukuu, mara nyingi haifiki hata milimita 3. Ukiitia nyingi bila kuilainisha, barabara itastahimili magurudumu ya malori bila kubonyea, lakini itaanza kupasuka mapema. Ndiyo maana utaratibu unaofuatwa Marekani huruhusu daraja lilelile la bitumini mpya ikiwa lami kuukuu haifiki asilimia 15, hutaka daraja laini zaidi kati ya asilimia 15 na 25, na juu ya hapo hudai hesabu kamili ya mchanganyiko wa bitumini zote mbili.

Kwa huku kwetu pwani, naona tatizo kubwa kuliko hilo ni maji. Lami iliyokwanguliwa ina vumbi jingi, na vumbi hushika unyevu. Lundo lenye unyevu wa asilimia 5 lina takriban lita 50 za maji katika kila tani, yaani karibu sawa na bitumini iliyomo. Isitoshe, katika mitambo mingi ya kuchanganyia lami, lami kuukuu haipitishwi kwenye mwali wa moto, kwani bitumini yake itaungua na kutoa moshi, hivyo joto lote inalipata kutoka kwa kokoto mpya. Kokoto hizo zikilazimika kwanza kuyageuza maji yote hayo kuwa mvuke, haibaki nguvu ya kuiyeyusha bitumini ya zamani. Katika mradi mmoja lundo lilinyeshewa masika nzima, na mchanganyiko ukatoka umefifia, una mabonge. Nililipasua bonge moja kwa mwiko nikakuta ndani lami kuukuu ileile, kavu, haijashikana na chochote kipya.

Dawa yake ni banda la paa lililo wazi pembeni, juu ya sakafu ngumu yenye mteremko. Turubai lililolazwa moja kwa moja juu ya lundo silishauri, kwa kuwa huuzuia mvuke usitoke, na asubuhi ukilifunua unakuta umande umejaa chini yake.

Lami ya barabara tofauti isichanganywe katika lundo moja, na ichekechwe kwa saizi mbili angalau, maana mashine ya kukwangua huvunja kokoto na kuongeza vumbi.

Ukipata nafasi ya kumuuliza mhandisi mshauri wa mradi huo wa mtaani kwenu, muombe mambo matatu: kina cha sindano cha bitumini iliyokamuliwa kutoka lundo lao, unyevu wa lundo uliopimwa asubuhi ya siku ya kumwaga lami, na asilimia iliyoidhinishwa katika usanifu wa mchanganyiko. Mwenye vipimo hivyo atakuonyesha papo hapo, na asiyekuwa navyo hapaswi kuruhusiwa kutia hata asilimia 10.