Mafumbo ya Njia Kambini

SWALI: Mhariri, skauti ninaowaongoza wanaifahamu dira darasani, lakini porini hupotea. Je, mafumbo yatawasaidia?

JIBU: Yatawasaidia, ndugu msomaji, mradi jibu la kila fumbo litafutwe kwa miguu, si kwa kubahatisha. Ficha chini ya jiwe kijikaratasi kilichoandikwa “Nyuzi 60, mita 200”, yaani aelekee nyuzi (digrii) 60 kutoka kaskazini kwa mwendo wa mishale ya saa, atembee mita 200; hapo skauti atalazimika kuishika dira ikiwa imelala sawasawa, mbali na kisu na simu zinazoweza kuivuta sindano, kisha ahesabu hatua zake alizokwisha kuzipima kwenye mita 100. Akikosea nyuzi 5 tu, baada ya kilomita 1 atakuwa amepotoka takriban mita 87, na ni vyema ajionee mwenyewe. Ninalolipenda zaidi ni fumbo la kurudi: ajumlishe 180 kwenye zile 60, aifuate 240 hadi alikoanzia.