Ukiongeza -g na programu ikabadilika, anzia hapa

Kompaila ina ahadi moja isiyopaswa kuivunja: ukiongeza `-g`, chaguo la kuomba taarifa za utatuzi (za kutafutia makosa), maagizo ya mashine yanayotoka yawe yale yale, kwenye rejista (hifadhi ndogo za ndani ya kichakataji) zile zile, kwa mpangilio ule ule. Taarifa za utatuzi zikae pembeni kwenye sehemu zake za DWARF, muundo wa kuhifadhi taarifa hizo, na kueleza tu kigeu gani kiko wapi na agizo lipi limetoka mstari upi. Ahadi hiyo ikivunjika, programu inaanguka kwa mteja, unaijenga upya kwa `-g` ili uichungulie, na tatizo halionekani tena, kwa sababu sasa unachungulia programu nyingine.

Kwa muda nimetunza kompaila ya kichakataji kidogo, yenye hatua zetu za uboreshaji juu ya LLVM, msingi wa kujengea kompaila, na hizi ndizo hitilafu nilizozichukulia kwa uzito kuliko zote. Mtumiaji hana namna ya kujikinga nazo.

Kwanza hakikisha kweli ni hitilafu ya aina hii. Malalamiko mengi yaliyonifikia yalitoka kwa watu waliolinganisha Debug na Release, aina mbili za ujenzi za CMake (zana ya kusimamia ujenzi wa programu). Hizo ni tofauti kabisa: Debug ni `-g` bila uboreshaji, Release ni `-O3` (kiwango cha juu cha uboreshaji) pamoja na `-DNDEBUG`, ambayo inafuta kila `assert`, yaani ukaguzi ulioandikwa ndani ya msimbo. Linganisha `-O2` na `-O2 -g`, kila kitu kingine kikiwa sawa, kisha pitisha mafaili yote mawili yaliyokompailiwa kwenye `objdump -d`, inayoonyesha maagizo yaliyomo, na ulinganishe matokeo kwa `diff`. Mstari wenye jina la faili utatofautiana, huo uache. Usilinganishe mafaili yenyewe baiti kwa baiti, maana lenye `-g` lina sehemu za ziada, na hilo si kosa.

Watumiaji wa kompaila ya GCC wana njia fupi zaidi: `-fcompare-debug` inakompaili mara mbili, taarifa zikiwemo na zikiwa hazimo, na kulalamika ikiona tofauti. GCC yenyewe inaweza kujijenga kwa mtindo huo, awamu moja bila `-g` na inayofuata ikiwa nayo, kisha matokeo yakalinganishwa. Upande wa Clang, kompaila iliyojengwa juu ya LLVM, kuna skripti ya `check_cfc` inayofanya kazi kama hiyo.

Ukishathibitisha, punguza faili la msimbo hadi kibaki kipande kidogo chenye tatizo. C-Reduce au `llvm-reduce` vitakufanyia hivyo ukivipa skripti inayosema "tofauti bado ipo". Halafu chapisha msimbo baada ya kila hatua, kwa `-print-after-all` ya LLVM au `-fdump-tree-all` na `-fdump-rtl-all` za GCC, na utafute hatua ya kwanza ambapo njia mbili zinaachana. Usikimbilie asembli ya mwisho. Mara nyingi kinachoonekana pale, rejista iliyobadilishwa kwa mfano, ni matokeo ya uamuzi uliofanywa mbali huko nyuma.

Kesi ninayoikumbuka zaidi ilikuwa hatua iliyotafuta kama thamani inayosomwa kutoka kwenye kumbukumbu tayari ipo kwenye rejista. Ili isichukue muda mrefu, ilirudi nyuma maagizo machache tu kisha ikakata tamaa. Ukiweka `-g`, katikati ya maagizo halisi yanaingia ya `DBG_VALUE`, ambayo hayazalishi chochote. Kazi yake ni kusema kigeu fulani sasa kiko rejista fulani. Hatua ile iliyahesabu nayo. Kikomo kikafikiwa mapema, na usomaji usiohitajika ukabaki. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja wa kuyaruka kwenye hesabu.

Ukiijua sura hiyo utaikuta kwingi. Msimbo unauliza "je, bloku hii ni tupu?" na jibu linakuwa hapana kwa sababu ya alama ya utatuzi pekee. Au unauliza kama rejista inatumika mara moja tu, na `hasOneUse` inahesabu `DBG_VALUE` kama mtumiaji. Hapo inatakiwa `hasOneNonDBGUse`. Tangu LLVM 19 ya mwaka 2024, taarifa za vigeu kwenye IR (umbo la kati la msimbo ndani ya LLVM) si maagizo tena bali rekodi za pembeni, na chanzo kikubwa cha makosa haya kimezibwa. Kwenye ngazi ya mashine, `DBG_VALUE` bado ni agizo, kwa hiyo wenye hatua zao huko waendelee kuwa macho.

Naomba jambo moja kwa msisitizo: usirekebishe kwa kufuta taarifa ili tofauti ipotee. Unaponyamazisha tatizo hivyo, unamnyang'anya mtu mwingine macho. Agizo likihamishwa, taarifa ya kigeu ihame nalo. Ikishindikana, iandikwe kuwa thamani haijulikani. `gdb`, zana ya utatuzi, ikisema `<optimized out>` (thamani imeondolewa na uboreshaji) inasema kweli. Ikionyesha thamani ya zamani, inampoteza mtatuzi usiku mzima.

Kwenye jaribio unaloambatanisha na marekebisho, endesha faili lile lile mara mbili, taarifa zikiwemo na zikiwa zimeondolewa, na matarajio yawe ya aina moja kwa yote mawili. Ongeza na ukaguzi kwamba kigeu bado kina taarifa sahihi upande wa `-g`, kwa sababu jaribio la kwanza peke yake litafaulu hata kwa yule aliyefuta kila kitu.