Kipimajoto kilisoma 37.1, tukalala

Baba yangu ana miaka 79. Usiku mmoja wa masika hapa Tanga alikataa uji, akaanza kumwita mdogo wake aliyefariki zamani, kisha akaanguka akielekea msalani. Kikohozi kilikuwa kidogo tu. Nikampima joto: 37.1. Nikawaambia wenzangu hana homa, ni uzee, tukalala. Asubuhi kwenye zahanati alipimwa malaria, hana, tukarudishwa nyumbani kwa neno lilelile: uzee. Jioni alikuwa anahema kama mtu aliyetoka kupanda kilima. Hospitali ya pili ndiyo iliyompiga picha ya kifua. Kichomi, pafu la kulia, oksijeni ya damu asilimia 84.

Nilimuuliza daktari kichomi kinakujaje bila homa. Akaniuliza, "Joto lake la kawaida ni ngapi?" Sikujua. Alipopona nilimpima kila asubuhi kwa wiki mbili. Hata siku moja halikufika 36. Kumbe ile 37.1 ilikuwa homa. Kwa mzee, joto likipanda zaidi ya nyuzi 1 juu ya lile la kila siku, usilidharau.

Homa huwashwa na mwili wenyewe, pale kinga inapopiga mbiu kwamba adui ameingia. Uzeeni mbiu hiyo huchelewa na hulia kwa sauti ndogo. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi, ambamo askari wa kinga, seli T, hufunzwa kazi. Tezi hiyo huanza kusinyaa tangu ujanani na kujaa mafuta. Mzee basi huishi kwa akiba ya askari wakongwe: maadui wa zamani wanawajua, ila akija mgeni, wa kumtambua ni wachache. Hata nguvu ya kukohoa hupungua, makohozi yakabaki kifuani.

Kwa hiyo mpime mzee wako akiwa mzima, uandike kwenye daftari. Siku akichanganyikiwa ghafla, akianguka, akikataa chakula, au akivuta pumzi zaidi ya 24 kwa dakika hali ametulia, mpeleke hospitali hata kama paji la uso ni baridi. Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kikisoma chini ya asilimia 92, usingoje kuche. Na ukiambiwa ni uzee, uliza: uzee gani huu ulioanza jana? Mimi sikuuliza, na inaniuma mpaka leo.

Kuhusu chanjo, nasikia watu wakisema kwa mzee ni kazi bure. Siafiki kabisa. Ni kweli mwili wa mzee huitikia chanjo kwa unyonge kuliko wa kijana, kwa sababu ileile ya askari kupungua. Ndiyo maana Marekani wenye miaka 65 na zaidi wana chanjo ya mafua makali (influenza) yenye kipimo mara 4 ya kile cha kawaida. Mwenye mzazi huko aiulizie. Lakini hata kinga pungufu inaweza kuwa tofauti ya kuugulia nyumbani na kulazwa kwenye oksijeni. Baba alichanjwa ya mafua na ya nimokoka, bakteria wakuu wa kichomi, katika hospitali binafsi, kwa kulipia. Ya mafua hurudiwa kila mwaka kwa kuwa virusi hubadilika, na huchukua kama wiki 2 kujenga kinga. Anayempeleka mzazi Hija ahesabu siku hizo kabla ya safari.

Tena tazama wajukuu. Nimokoka hukaa puani mwa watoto wadogo bila kuwaumiza, wakampa babu wanayemlalia kifuani. Watoto wetu huchanjwa dhidi yake bure, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Usiache hata moja ipite. Nasi wakubwa tukiwa na mafua, shikamoo ya mlangoni inatosha. Mkono tutambusu tukipona.