Anko, manispaa yetu inaomba nini Dodoma?

SWALI: Mwakeye anko. Kaka yangu anaishi Texas kule Marekani, kanambia jiji lao kabla bunge la jimbo halijaanza madiwani wanapitisha karatasi ya vipaumbele, hiki tunataka kipite hiki tunakipinga, halafu wanalipa watu kabisa wa kwenda kuwabana wabunge. Sisi Kigoma Ujiji mbona sijawahi kuona karatasi kama hiyo? Nasikia tu bandari, barabara, maji, umeme, vyote kwa mpigo, hata sijui tumeomba nini. (Muuza dagaa, Kibirizi)

JIBU: Mwakeye dada. Kakako hajakudanganya. Kule jiji linaishi kwa ruhusa ya jimbo, bunge likiamua linalifunga mikono, kama 2019 Texas walipitisha kwamba jiji kubwa likitaka mapato ya kodi ya majengo yapande zaidi ya asilimia 3.5 kwa mwaka lazima wananchi wapige kura kwanza. Na bunge lenyewe kikao chake cha kawaida ni siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, sasa hapo ukienda na mambo hamsini nani atakusikiliza?

Kwetu bunge ni moja tu, na mtu wa kulipwa akatusemee hatumhitaji kivile maana mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani, wanakaa kikao kimoja. Njia ipo. Shida tunapiga kelele mlango ambao sio, yaani barabara ya mtaani kwako tangu 2017 iko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hiyo ni kudai bajeti tu wala haihitaji sheria mpya. Sheria ndogo ya ushuru madiwani wanatunga wenyewe ila haianzi kutumika mpaka waziri wa TAMISEMI, yaani wa serikali za mitaa, airidhie, hapo unambana waziri.

Sasa kodi ya majengo ndo ya bungeni kabisa. 2016 sheria ya fedha iliitoa halmashauri ikaipeleka TRA, mamlaka ya mapato, 2021 ikahamia kwenye LUKU, ndo ile unakatwa ukinunua umeme halafu unamlaumu TANESCO wa watu. Mi ningekuwa diwani hicho ndo kipaumbele namba moja, fungu la maana la hiyo hela lirudi manispaa na liandikwe kwenye sheria, sio kwa hisani ya mtu. Na nitakwambia kwa nini, tena we unajua kuliko mimi.

2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa uvuvi kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, makubaliano ya nchi nne, sisi na Kongo na Burundi na Zambia, hapo manispaa haikuwa na kauli. Samaki wapumzike sawa, sipingi. Ila mwalo, pale samaki wanaposhushwa, ukikauka ushuru nao unakauka, na ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, yaani nne za kina mama, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, inatoka kwenye mapato ya ndani hayo hayo. Kwa hiyo mama wa Kibirizi anapigwa mara mbili, dagaa hana na mkopo umepungua! Manispaa yenye kodi ya majengo mkononi isingeyumba hivyo kwa miezi mitatu tu ya ziwa.

Halafu kuna muda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, Bunge la bajeti linakaa Aprili mpaka Juni, ukisikia mbunge anafoka mwezi wa tano ujue makadirio yameshachapwa, atapata makofi tu. Mambo yanapikwa huku chini miezi kadhaa kabla, kwenye mtaa, kata, halafu baraza. Muswada wa fedha ukifika Kamati ya Bajeti huwa wanaita maoni ya wadau, na umoja wa wauza dagaa ni wadau kama wengine, pelekeni karatasi yenu, ukurasa mmoja unatosha, jambo moja au mawili basi.

Na vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, nenda ukae nyuma usikilize. Kabla ya hapo mkamate diwani wako sokoni asubuhi akiwa hana haraka, mwulize jambo moja tu ambalo wameandika kwenda Dodoma mwaka huu ni lipi, akianza na bandari barabara maji umeme, mwambie anko kasema achague.