Kabla hujamnunulia Tumaini bunduki ya upepo

Mwanangu, Mama Tumaini,

Salamu nimezipata, na ile video ya klabu nimeiona. Umeuliza mawili kwa mpigo: nani alinifundisha kulenga, maana tangu utotoni ulinikuta naangua embe nilitakalo kwa jiwe moja, na kama umruhusu mjukuu wangu ajiunge na hao walenga shabaha wa huko Ujerumani. La pili limo ndani ya la kwanza, kwa hiyo nivumilie.

Alinifundisha babu yako, Mbarali, juu ya dungu la shamba la mpunga. Nilikuwa na miaka minane. Mpunga ukianza kuweka maziwa, kweleakwelea hushuka kama wingu, na watoto huamkia shambani kuamia. Kaka zangu walitumia makombeo. Mimi mkono wangu ulikuwa mfupi, basi babu yako akanikatia panda la mpera, akafunga mipira ya tyubu ya baiskeli, na pa kuwekea kokoto akashona ulimi wa kiatu chake kilichochakaa.

Unadhani alinipa nikarushe? Siku tatu nzima nilivuta manati tupu. Navuta mpaka kidole gumba kiguse kona ya mdomo, nazuia pumzi, nahesabu tatu, narudisha polepole. Kidole kikigusa shavu badala ya mdomo, anza upya. Siku ya nne akaweka kopo la Kimbo juu ya kisiki, hatua kumi. Kokoto za mtoni alizikataa, eti hakuna mbili zenye uzito mmoja. Tulifinyanga vigololi vya udongo tukavianika juani, vyote saizi moja.

"Ukikosa kwa hivi," akasema, "ujue umekosa wewe."

Ndege, kusema kweli, sikuua wengi. Wingu lile halihitaji shabaha, debe likigongwa linatosha. Mimi nilipenda kopo.

Mwaka 1982 nilipokuwa kuruta wa JKT kwa mujibu wa sheria, afande alitulaza kifudifudi kwenye renji: vuta pumzi, toa nusu, zuia, bonyeza taratibu kama vile hutaki ilie. Nikacheka kimoyomoyo. Babu yako alishanifikisha huko kwa mpira wa baiskeli.

Na yule Mturuki wa Olimpiki ya Paris 2024, Yusuf Dikeç, mlenga shabaha wa bastola ya upepo, ambaye picha zake mlinitumia mkicheka: mtu wa miaka 51, miwani yake ya kawaida, mkono mfukoni, akaondoka na medali ya fedha yeye na mwenzake. Ninyi mliona maringo. Mimi niliona mtu anayeuweka mwili wake palepale anapouweka kila siku, na mkono umetiwa mfukoni ili bega litulie. Kwenye bunduki ya upepo ya mita 10, kidoa cha alama kumi ni nusu milimita tu, na risasi yenyewe ina unene wa milimita 4.5. Hapo ubavu hausaidii kitu.

Sasa nikwambie nililokuficha. Lile kovu la mjomba wako juu ya nyusi, mlilokua mkiambiwa ni la jembe, ni kigololi changu. Alijitwika kopo kichwani kwa hiari yake, nami nilikuwa na siku mbili sijakosa. Damu ilimfunika jicho, nikajua nimelitoboa. Babu yako hakunichapa. Alitundika manati juu ya mafiga, kwenye moshi, mpaka mavuno, na msimu wote nikagonga debe.

Basi mruhusu. Kilichonipendeza kwenye video ni yule mama msimamizi: hakuna aliyenyanyua mguu kwenda mbele mpaka kila bunduki imewekwa chini. Na umesema Tumaini, kwa kuwa hajafika miaka 12, ataanzia bunduki ya mwanga isiyotoa risasi. Vizuri sana, hizo ndizo siku zake tatu za manati tupu. Ya upepo usimnunulie sasa, hata akilia, na hata hao wenzake wakimcheka.

Mjomba wako anakuja Jumapili. Ukipiga simu, jembe libaki jembe, mkewe hajui.

Mama yako