Utakaso Huanzia kwenye Dhambi Iliyotajwa kwa Jina

Waumini wengi ninaosali nao hawana upungufu wa hamu ya utakatifu. Tatizo ni kwamba wanauomba kwa jumla mno. "Bwana, nitakase," "Bwana, niondolee kila kisichokupendeza," kisha amina, na wiki inayofuata maneno ni yale yale na maisha ni yale yale. Ushauri wangu ni mmoja, nao nimeupata kwa kukaa muda mrefu katika kikundi cha maombi, miongoni mwa watu wanaokua na watu waliodumaa, mimi mwenyewe nikiwa wakati mwingine huku na wakati mwingine kule: omba kwa kutaja, na utii kwa kutaja. Taja ni dhambi ipi, inamuumiza nani, hutokea saa ngapi, na ni tendo gani la utii litakalochukua nafasi yake.

Kabla ya hapo, msingi. Hatutakaswi ili Mungu atukubali; Warumi 5:1 inatuzungumzia kama watu ambao wamekwisha kuhesabiwa haki kwa imani. Anayepigana na ulimi wake ili apate kupokelewa na Mungu atachoka mapema, au atajifunza kuficha. Na katika Wafilipi 2:12-13 Paulo anaagiza tuutimize wokovu wetu kwa kuogopa na kutetemeka, kisha papo hapo anaeleza kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yetu, kutaka kwetu na kutenda kwetu. Wanaoshika nusu ya kwanza peke yake huwa wakali, kwanza kwa nafsi zao, halafu kwa kila aliye karibu. Wanaoshika nusu ya pili peke yake huketi wakingoja hamu ya kutii iwashukie. Najua pia kwamba warithi wa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, hufundisha kwamba mtu anaweza kukamilishwa katika upendo angali hai, ilhali wafuasi wa John Calvin, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, hushikilia kwamba vita na dhambi haviishi hadi kifo. Tofauti hiyo ina uzito wake, lakini sijaona inavyobadilisha kazi inayomngoja mwamini Jumatatu asubuhi.

Kazi hiyo imeelezwa vizuri kuliko mahali pengi katika Waefeso 4:25-32. Baada ya kusema kwamba tuuvue utu wa kale na kuuvaa utu mpya, Paulo hawaachi wasomaji wake na picha hiyo ya mavazi, anaanza kutaja. Uongo uvuliwe, na kila mtu aseme kweli na jirani yake. Jua lisichwe mtu akiwa bado na uchungu. Mwizi asiibe tena, bali afanye kazi kwa mikono yake mwenyewe, apate kitu cha kumgawia mhitaji. Neno lililooza lisitoke kinywani, bali litoke neno jema la kumfaa anayesikia. Kila kinachovuliwa kina cha kuvaliwa. Mwizi aliyeacha kuiba akakaa tu, kwa kipimo cha Paulo, bado yuko njiani. Atakuwa amefika pale mkono uliozoea kuchukua utakapoanza kutoa. Nadhani hapa ndipo toba zetu nyingi hukatika: tunaacha, hatuvai kitu, na baada ya muda tunarudia vazi lile lile kwa sababu tuko uchi.

Chukua uongo, tena ule mdogo ambao hakuna anayeuungama. Mtu anakungoja, anapiga simu, nawe ukiwa bado unatafuta kiatu unajibu, "Niko njiani, nakaribia." Mwenzangu wa maombi nami tulikubaliana kwamba uongo wa namna hiyo utasahihishwa siku hiyo hiyo, kwa mtu yule yule aliyeambiwa, si kwa Mungu peke yake. Kwa hiyo unapiga simu tena na kusema, "Nilikuambia niko njiani. Ukweli ni kwamba sijatoka nyumbani, na nitachelewa kama nusu saa." Upande wa pili huja kimya kifupi, kisha kicheko, au hasira ambayo ni ya haki. Aibu hiyo ndogo ilifanya kazi ambayo maombi ya jumla hayakuwa yameifanya, kwani ulimi ulianza kusita kabla ya kusema. Kisha likajitokeza jambo ambalo hatukulitafuta. Chini ya uongo ule kulikuwa na hofu ya kuonekana mtu asiyetegemeka, yaani kile ambacho Mithali 29:25 inakiita mtego wa kuwaogopa wanadamu. Hapo maombi yakapata kitu cha kushika. Huwezi kuifikia hofu hiyo kwa kuomba utakaso wa jumla. Unaifikia kwa kufuata uzi wa uongo mmoja hadi mwanzo wake.

Njia hii si ugunduzi wa mtu wa leo. Katika karne ya 16, Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliwafundisha watu kuchagua kosa moja mahususi, kuazimia asubuhi kulishinda, na kujichunguza juu yake mchana na tena jioni. Kanuni ambazo Wesley aliandika mwaka 1738 kwa ajili ya vikundi vidogo vilivyokutana kila wiki ziliweka swali la kwanza kuwa: umetenda dhambi zipi unazozijua tangu tulipokutana mara ya mwisho? Yalifuata maswali kuhusu majaribu na jinsi mtu alivyookolewa nayo. Mkatoliki na Mwanglikana, karne mbili kati yao, na wote wawili hawakumruhusu mtu kujificha nyuma ya maneno "mimi ni mwenye dhambi", ambayo ni kweli lakini hayamgharimu mtu chochote.

Chagua jambo moja, basi, na ukae nalo kwa miezi, si siku. Neno, maombi, ibada na Meza ya Bwana viendelee kama kawaida. Bila hivyo unabaki na mradi wa kujirekebisha tu. Jihadhari pia na kutunga amri: Wakolosai 2:20-23 inaonya kwamba "msishike, msionje, msiguse" huonekana kuwa hekima na bado hayazuii tamaa za mwili. Kama unataka kujua unakua au la, usijipime kwa machozi ya ibadani. Waulize wanaoishi nawe kama siku hizi unaomba msamaha mapema zaidi, na bila maelezo marefu. Dhambi ikirudi, ungama tena kwa jina lake, kwa kuwa ahadi ya 1 Yohana 1:9 haina kikomo cha idadi. Lakini penye ulevi au ukatili nyumbani, kikundi cha maombi hakitoshi. Tafuta mshauri au daktari, na anayeumizwa apelekwe mahali salama kwanza.

Yakobo 5:16 inataka tuungamiane, na wengi hukwama hapo kwa kukosa mtu. Usimchague anayekuogopa, wala anayekuvutia kimapenzi, wala mwenye mazoea ya kukuletea siri za wengine kama mambo ya kuombea. Mchague anayeomba kweli na ambaye naye yuko tayari kuulizwa. Mkikutana mara ya kwanza, usianze na historia ya maisha yako yote. Mpe jambo la wiki hii, mpangiane siku ya kuulizana, na siku hiyo yeye ndiye aanze kuuliza, kabla hujapata nafasi ya kupanga maneno.